Kabla hujanunua kadi ya sauti

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Lindi mjini, naishi karibu na bahari. Marehemu baba aliniachia amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa za mbao. Nimenunua waya wenye pini ndogo upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Pini nimechomeka kwenye tundu la hedifoni la laptopu, na vile vichwa nimeviweka nyuma ya amplifaya palipoandikwa PHONO. Muziki unatoka, ila besi imejaa, mwimbaji kama yuko ndani ya pipa, na nikifungua sauti kidogo tu unakwaruza. Nikichomeka chaja ya laptopu unakuja muungurumo usiokoma. Dukani wameniambia dawa ni kadi ya sauti ya USB, mwenzangu wa ofisini anasema ninunue kipokezi cha Bluetooth, na mdogo wangu anataka niuze vyote nichukue sabufa. Nyimbo zangu nyingi ni za kwenye flashi. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba, mwalimu, na Mungu amrehemu mzee. Anza kwa kutonunua kitu. Washauri wako watatu wote wamekuandikia dawa bila kukuuliza umechomeka wapi, na ugonjwa mkubwa uko hapohapo. Mahali pengine nitakaa muda mrefu kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu huku Kusini tunapopoteza hela, hasa msimu wa korosho ukifika na kila nyumba ikataka muziki mpya.

Tundu la PHONO ni la gramafoni. Sindano ya gramafoni inapopita juu ya santuri hutoa umeme mdogo mno, milivolti 3 hadi 5 hivi kwa aina ya kawaida, kwa hiyo nyuma ya tundu hilo kuna sakiti ya ziada inayoukuza kama mara 100 kabla haujafika sehemu nyingine za amplifaya. Tundu la hedifoni la laptopu likifunguliwa mpaka mwisho linaweza kutoa karibu volti 1. Umepeleka volti 1 mahali panaposubiri milivolti 5. Sakiti inazidiwa hapohapo mlangoni, na hata ukiweka kitufe cha amplifaya chini kabisa, mkwaruzo unakuwa umeshaingia ndani ya muziki. Unachopunguza ni ukubwa wake tu.

Na ile besi ya pipa ina maelezo yake. Santuri hukatwa kwa makusudi zikiwa na besi iliyopunguzwa na sauti nyembamba iliyozidishwa, ili mifereji isiwe mipana kupita kiasi na kelele ya sindano ifunikwe. Kazi ya sakiti ya PHONO ni kurudisha mizani: inainua besi ya chini kabisa, ile ya hezi 20, kwa takribani desibeli 20, na kule juu kwenye hezi 20,000 inashusha kwa kiasi kama hicho. Utaratibu huu unaitwa RIAA na umetumika tangu miaka ya 1950. Muziki wa kompyuta haukupunguzwa besi popote, kwa hiyo unaongezewa kitu ambacho haukunyang'anywa. Spika za mzee hazina kosa hapo.

Zima amplifaya, chomoa vile vichwa, hamishia AUX. Kama hakuna AUX, tumia CD au TUNER. Matundu hayo yote yanapokea umeme wa kiwango kimoja na hayachezei besi wala sauti nyembamba. TAPE nayo inafaa, ila huwa na jozi mbili: moja imeandikwa IN au PLAY, nyingine OUT au REC. Ya kwako ni PLAY. Ukichomeka REC hutasikia kitu, kwa sababu hapo ndipo muziki ulipokuwa ukitoka kwenda kwenye deki ya kanda. Halafu mbele ya amplifaya zungusha kitufe cha kuchagua kielekee tundu ulilotumia, weka sauti chini kabisa, ndipo uwashe. Kama umetumia TAPE na bado kimya, tafuta kibonyezo cha TAPE MONITOR ukibonyeze.

Ukifanya hivyo, mkwaruzo na pipa vinatakiwa viondoke papo hapo. Kama vimebaki, kagua waya. Itazame ile pini ndogo kwa karibu: ina mistari ya plastiki inayotenganisha vipande vya chuma. Mistari miwili ndiyo stereo, ndiyo unayoihitaji. Mstari mmoja ni mono, na ukiuchomeka kwenye laptopu unaunganisha upande wa kulia moja kwa moja na ganda, yaani kile kipande cha chuma cha shinani mwa pini ambacho umeme wa sauti hurudia. Mistari mitatu ni ya hedifoni zenye maikrofoni. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine inaleta vituko. Kituko chenyewe ukikijua hutasahau: mwimbaji anatoweka, vinabaki vyombo na mwangwi, kama umefungua muziki wa karaoke. Ukisikia hivyo, ganda la pini halijagusa sawasawa. Sukuma pini mpaka ikubali kabisa, na kama laptopu ina jalada nene la plastiki, livue, maana mara nyingi ndilo linaloizuia pini isifike.

Kuhusu kufungua sauti, kompyuta ifungue karibu yote, upunguzie kwenye amplifaya. Watu wengi hufanya kinyume: laptopu iko asilimia 30, amplifaya iko robo tatu, matokeo yake amplifaya inakuza muziki dhaifu pamoja na kila kelele iliyomo kwenye waya. Weka laptopu kwenye 100, sikiliza wimbo wenye kelele nyingi, na ukiona sauti inakuwa kali, rudi mpaka 85 au 90. Laptopu nyingine tundu lake la hedifoni huchoka likifika mwisho. Ila usizidishe ndani ya programu ya kuchezea. VLC inakuruhusu kupita asilimia 100, na hapo inachokifanya ni kuzidisha namba za muziki mpaka zinagonga dari na vilele vinakatwa. Amplifaya ya bei yoyote haiwezi kuvirudisha vilele hivyo.

Ukiwa hapohapo kwenye mipangilio ya sauti ya Windows, tafuta mahali palipoandikwa "Audio enhancements" uzime. Watengenezaji wa laptopu huweka humo madoido ya kuvifanya vispika vidogo vya ndani visikike vikubwa; yakipita kwenye spika za kweli yanaharibu. Kuhusu namba za 44,100 na 48,000 utakazoziona, ambazo ni mara ngapi sauti hupimwa kwa sekunde, ya kwanza ni kipimo cha CD na ya pili ndiyo ya kawaida kwenye video. Kama unasikiliza nyimbo zaidi, chagua 44,100. Tofauti ni ndogo, usikose usingizi.

Sasa muungurumo. Huu ndio unaoletwa zaidi kwenye meza yangu hapa Mtwara, na ndio unaowafanya watu wanunue vifaa visivyohusika.

Kwanza ujue ni kelele gani. Simamisha muziki, acha kila kitu kimewashwa, fungua amplifaya kiasi unachosikilizia siku zote, kisha weka sikio karibu na spika. Ukisikia mvumo mzito wa namna moja, usiobadilika hata ufanye nini kwenye kompyuta, huo ni umeme wa ukutani. Umeme wetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika kwenye hezi 50 na 100. Ukisikia mluzi mwembamba na vijisauti vya tititi vinavyobadilika ukisogeza kipanya au ukifungua faili kubwa, hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta, inayozaliwa kwenye bodi na kupenya mpaka kwenye tundu la hedifoni. Ni kelele mbili tofauti, zenye dawa mbili tofauti. Anayekuuzia dawa bila kuuliza unasikia ipi anabahatisha.

Ya kwako inakuja na chaja, na umeiita muungurumo, kwa hiyo naielekea ile ya kwanza. Chomoa chaja, laptopu ikae kwa betri. Ikinyamaza kabisa, umethibitisha.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya chaja kuna kapasita, kijisehemu kidogo cha kuhifadhi umeme, iliyowekwa kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa kompyuta, kazi yake kuzuia chaja isichafue mawimbi ya redio. Kupitia hapo huvuja umeme kidogo sana. Huenda umeshausikia: ukipitisha vidole taratibu juu ya laptopu ya chuma huku umesimama pekupeku sakafuni, unahisi kitu kinatetemeka chini ya ngozi. Kama plagi ya chaja ina pini ya ethi na ethi ya nyumba inafika ardhini kweli, umeme huo unashuka huko. Ikiwa haifiki, unatafuta njia nyingine, na njia uliyoifungua wewe ni ganda la waya wa sauti kuelekea kwenye amplifaya.

Inawezekana pia tatizo likawa kinyume chake, yaani ethi zimekuwa mbili. Laptopu imeshika ethi kwenye soketi yake, na amplifaya imeunganishwa na televisheni, ambayo imeunganishwa na king'amuzi, ambacho kina waya wa dishi unaokwenda mpaka kwenye bomba la chuma nje. Sehemu hizo mbili za ardhi hazina volti sawasawa, tofauti ni ndogo tu, lakini inatosha kupitisha umeme ndani ya ganda la waya wako, na amplifaya haijui kwamba huo si muziki. Mafundi tunaita kitanzi cha ethi.

Namna ya kuvitenganisha: acha chaja imechomekwa, kisha toa kwenye amplifaya kila kitu isipokuwa waya wa laptopu na spika. Toa waya wa televisheni, wa king'amuzi, wa deki. Mvumo ukiondoka, rudisha kimoja kimoja mpaka umkamate mhusika. Usipoondoka, chomeka laptopu na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye nyaya tatu za kweli, si ile nyembamba ya nyaya mbili iliyovalishwa plagi ya pini tatu. Na usiuviringishe waya wa sauti pamoja na nyaya za umeme nyuma ya kabati. Vikilazimika kukutana, vipishane msalaba badala ya kulala sambamba.

Ikishindikana, kuna kijisanduku kidogo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, ndani yake kuna transfoma mbili ndogo, moja ya kila upande. Muziki unapita kwa sumaku bila ganda kugusana na ganda, kitanzi kinakatika. Wenye magari wanakijua, hutumia kuondoa mlio wa injini kwenye redio. Vya bei ya chini kabisa hupunguza besi kidogo, lakini kwa mtu anayesikiliza huku anasahihisha madaftari sioni kosa. Au fanya kama mimi nyumbani: nikitaka kusikiliza kwa kutulia, nachomoa chaja. Ni bure.

Usikubali mtu akuvunjie pini ya ethi ya chaja. Najua vijana wengi wanafanya hivyo, na kweli mvumo hunyamaza. Lakini siku chaja hiyo ikiharibika ndani, volti 230 zinaweza kuja juu ya laptopu, zikapita kwenye waya wa sauti mpaka kwenye sura ya chuma ya amplifaya, na mtoto wa jirani akaja kuongeza sauti. Afadhali umwite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba. Pwani yetu ni ya mchanga, na mchanga ukikauka haupitishi umeme vizuri. Fimbo ya ethi iliyozamishwa kijuujuu wakati wa kujenga inaweza kuwa pambo tu kufika Oktoba.

Baada ya hapo utaelewa kwa nini sikutaka ukimbilie kadi ya sauti. Waya wa USB nao una ganda na una waya wake wa ethi, kwa hiyo muungurumo wa chaja unavuka kutoka kwenye laptopu, unapita kwenye kadi, unaingia kwenye amplifaya kama kawaida. Ungelipa na mvumo ungebaki pale pale. Kadi inatibu ile kelele ya pili, ya mluzi na kipanya, kwa sababu kazi ya kugeuza namba kuwa umeme wa sauti inahamishwa nje ya bodi yenye fujo. Inasaidia pia kama tundu la laptopu ni dhaifu au limelegea. Ukifika siku ya kuihitaji, si lazima iwe kubwa. Kile kiadapta kifupi cha simu zisizo na tundu la hedifoni, chenye pini ya USB ya kisasa upande mmoja, ni kadi ya sauti kamili, na vingine sauti yake ni safi kuliko watu wanavyodhani. Ila madukani viko vya namna mbili vinavyofanana kwa sura: vyenye chipu ndani, na vitupu vinavyopitisha tu sauti iliyogeuzwa na simu yenyewe. Vitupu havifanyi kazi kwenye kompyuta. Nenda na laptopu yako dukani, chomeka, na kama kompyuta haikuonyesha kifaa kipya cha sauti, mrudishie.

Bluetooth sitaitukana. Kwa kuwa hakuna waya kati ya laptopu na amplifaya, hakuna kitanzi, na muungurumo wa chaja unakatwa moja kwa moja. Muziki hubanwa njiani. Mfumo wake wa kawaida, SBC, ukiwekwa kwenye ubora wa juu hupitisha kama kilobiti 328 kwa sekunde, na kwa masikio ya sebuleni hiyo inatosha. Kasoro ni mbili. Kwenye video midomo huenda ikatangulia sauti. Na ukifungua mkutano wa mtandaoni huku kifaa kina maikrofoni, sauti yote inashuka kuwa kama ya simu ya zamani mpaka mkutano uishe. Kipokezi chenyewe kipe chaja nzuri ya simu, maana chaja mbovu italeta mlio wake mpya. Kwa hiyo mwenzako wa ofisini amekushauri vizuri kuliko muuza duka, japo bado ningejaribu kwanza zile njia za bure.

Tuje kwenye flashi. Hapa wengi hawapendi ninachosema. Nyimbo zinazoingizwa vibandani, na zile zinazochukuliwa YouTube kwa programu za kugeuza, nyingi zimebanwa mara mbili au tatu kabla hazijakufikia. Unaweza kupima mwenyewe bila kifaa chochote. Wimbo wa dakika 4 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 4. Wa kilobiti 320 ni karibu 10. Ukitolewa kwenye CD bila kubanwa ni karibu 42, na ukiwekwa katika FLAC, mfumo unaobana bila kutupa chochote, unashuka mpaka karibu nusu ya hapo au zaidi kidogo. Fungua flashi yako uangalie. Ukikuta wimbo wa dakika 4 una megabaiti 2, hapo amplifaya ya mzee inafanya kazi ya kukuonyesha kwa ufasaha jinsi wimbo ulivyoharibiwa: matoazi yanasikika kama maji yanayomwagika, na kayamba inakuwa shshsh isiyo na punje.

Zipo programu zinazochukua faili la 128 na kuliandika upya kuwa 320. Huko ni kutwanga maji kwenye kinu. Kilichotupwa hakirudi, unachoongeza ni ukubwa wa faili, na ndiyo maana kile kipimo changu cha megabaiti kinakamata uongo wa chini tu. Mtu akishapandisha faili, inabidi usikilize. Mtihani wangu ni makofi. Tafuta muziki wa jukwaani wenye watu wanaopiga makofi. Kwenye faili zuri unasikia viganja, vingine mbali vingine karibu. Kwenye faili bovu unasikia mvua juu ya bati.

Kama mzee aliacha CD, hizo ni hazina. Laptopu nyingi za siku hizi hazina sehemu ya kuwekea CD, lakini kuna visomaji vya nje vya USB. Zihamishe zote kuwa FLAC mara moja, basi. Kwa huduma za mtandaoni kama Spotify na Boomplay, ingia kwenye mipangilio uangalie ubora umewekwa wapi, maana huenda umeachwa kwenye kujichagulia ili bando lisiishe. Kilobiti 320 kwa saa nzima ni kama megabaiti 144. Ukiwa na kifurushi kinachoruhusu kuhifadhi, pakua usiku au mahali penye intaneti ya bure, usikilize bila mtandao. Na usitegemee miujiza kwenye dansi za zamani zilizorekodiwa Redio Tanzania kwa kanda. Nyingi ni mono, gitaa na sauti vimetoka sehemu moja, na zitabaki hivyo. Kwangu mimi hazina ubaya wowote. Nazisikiliza zaidi ya hizi mpya.

Sebule yako sijaiona, lakini nyumba zetu nazijua: kuta za tofali za saruji, sakafu ya saruji au vigae, dari ngumu, makochi matatu. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio wa chuma unaorudi haraka, huo unaongezwa juu ya kila wimbo. Mkeka hausaidii kitu hapo, ni mwembamba. Zulia nene mbele ya spika, pazia zito lenye mikunjo mingi, kabati la vitabu lisilopangwa kwa rula, hivyo vinasaidia sana, kuliko kadi yoyote ya sauti.

Spika zishushe kutoka juu ya kabati. Zikae ili ile spika ndogo ya juu, tuita, iwe usawa wa masikio yako ukiwa umeketi. Tofali mbili za bloku chini ya kila spika, ukizivika kitenge, ni stendi nzuri kabisa. Zitenganishe kama mita 2, nawe ukae umbali kama huohuo kutoka kila moja. Usizitie pembeni kabisa mwa chumba. Kona huongeza besi na kuifanya nzito isiyo na umbo. Zivute sentimita 30 au 40 kutoka ukutani, sikiliza, sogeza tena.

Halafu hakikisha nyaya za spika hazikupishana, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi kwenye spika zote mbili. Zikipishana kwenye moja, spika hii inasukuma wakati ile inavuta: besi inapotea, na mwimbaji hujui yuko upande gani. Kama rangi zimefutika, toa nyaya kwenye amplifaya, chukua betri moja ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, uziguse ncha za waya wa spika kwa sekunde moja tu huku umevua kitambaa cha mbele. Koni, yaani ile ngozi ya spika inayotikisika, ikiruka nje, waya uliogusa upande wa chanya ndio mwekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume. Fanya kwa zote mbili, weka alama kwa rangi ya kucha.

Kwa kuwa uko karibu na bahari, tazama vile vichwa na matundu nyuma ya amplifaya. Chumvi ya upepo huyafanya yawe na ukungu wa kijani au weusi, na hapo sauti ya upande mmoja huja na kuondoka. Amplifaya ikiwa imechomolewa ukutani, yasugue kwa pamba yenye spiriti safi kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Kitufe cha sauti kikikwaruza ukikizungusha, fundi akipulizie dawa ya kusafishia kontakti. Usifungue kifuniko mwenyewe: kapasita za ndani hukaa na umeme hata baada ya kuzima. Na huko ndani, mwalimu, usishangae fundi akikuonyesha mende. Wanapenda joto la transfoma.

Jambo moja kwa wasomaji wengine wenye amplifaya za mtumba: soma kibao cha nyuma kabla ya kuwasha. Umeme wa Japani ni volti 100, na kifaa kilichotengenezwa kwa soko la kule kikichomekwa kwenye 230 yetu bila transfoma ya kushushia hakimalizi wimbo mmoja. Ya kwako inafanya kazi, kwa hiyo iko salama au kuna mtu alishaishughulikia.

Mdogo wako na sabufa yake. Sabufa nyingi zinazouzwa kwetu zina boksi moja la besi na vispika vidogo vyenye koni ya inchi 3 hivi. Besi inagonga, vijisauti vya juu vinasikika, lakini katikati, pale inapokaa sauti ya binadamu na gitaa, pamekuwa na pengo. Kwa sherehe ya uwanjani sina neno. Kwa mtu mwenye spika mbili za mbao ndani ya nyumba, kuziuza ili apate hiyo ni hasara, isipokuwa spika zenyewe ziwe zimekufa. Kujua ni rahisi. Vua kitambaa cha mbele, tazama ukingo unaoizunguka koni kubwa. Ukiwa ni wa mpira au kitambaa na uko mzima, vizuri. Ukiwa ni wa povu na ukiugusa unabaki vumbi vidoleni, umekwisha. Povu huoza lenyewe kwa umri na hewa ya joto. Kisha weka vidole vinne pande zote za koni, isukume ndani taratibu, kidogo tu. Ikienda na kurudi kimya, spika ni nzima. Ukisikia inakwangua ndani, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imegusa sumaku. Ukingo wa povu hubadilishwa na fundi wa spika bila kununua spika nyingine, ila mpelekee zote mbili kwa pamoja, azifanye kwa nyenzo moja, na mwambie akuonyeshe ukingo mpya kabla hajaupaka gundi.